Timu ikishinda ni yetu, ikishindwa ni yao

WAHENGA walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tunaifunza darasani tangu shule ya msingi, tunaitumia katika hotuba za siku ya michezo, na kwayo tunawaliwaza wanafunzi wanaorudi mikono mitupu kutoka mashindano ya kaunti. Hata hivyo, ukiitafakari kwa makini utagundua kuwa kuna mtu mmoja ambaye wahenga hawakumtaja. Mtu huyo ni mshabiki. Yeye hakukimbia wala hakuruka. Hakutokwa na jasho ila la wasiwasi. Na kipenga cha mwisho kinapolia, matokeo huwa yameandikwa pasi na yeye kuugusa mpira hata mara moja. Maadamu hakushindana, anatakiwa akubali nini?

Swali hili lilinijia asubuhi ya Jumamosi, tarehe 17 Machi 2018, simu yangu ilipolia kabla sijastaftahi. Aliyenipigia alikuwa mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Virginia, nchini Marekani. Huko kwao ulikuwa bado usiku wa kuamkia siku hiyo. Baada ya kuniamkua alinyamaza kwa muda, hata nikadhani amepatwa na msiba.

"Wametolewa, mjomba," akasema hatimaye.

"Kina nani?"

"Virginia. Wameaibika mbele ya ulimwengu mzima."

Nilishusha pumzi. Lakini jambo moja lilinikaa moyoni. Juma moja tu kabla ya hapo, timu hiyo hiyo ilikuwa imeishinda North Carolina kwa alama 71 kwa 63 na kunyakua kombe la ligi yao, na kijana huyo huyo alikuwa amenipigia simu akipaza sauti: "Mjomba, tumelitwaa!" Siku ya ushindi alisema *tu*, siku ya kushindwa akasema *wa*. Silabi moja tu ilikuwa imebadilika, nayo ikabadilisha kila kitu.

Ili msomaji aelewe ukubwa wa pigo lenyewe, yafaa nieleze jinsi mashindano hayo yanavyoendeshwa. Kila mwezi Machi, vyuo vikuu vya Marekani hushindania ubingwa wa taifa wa mpira wa vikapu katika mashindano ya NCAA, ambayo kwa upande wa wanaume yalianza mwaka 1939. Mwaka 2018 timu zilikuwa 68, zikiwa zimegawanywa katika kanda nne. Katika kila kanda timu hupangwa kwa nambari, kuanzia 1 hadi 16, kulingana na uwezo wake, na katika raundi ya kwanza ile iliyo bora kabisa hukutana na ile iliyo dhaifu kabisa. Ni mchezo wa mtoano: ukishindwa mara moja, unafunga virago. Hakuna mechi ya marudiano.

Virginia waliingia wakiwa nambari 1, si katika kanda yao pekee bali katika mashindano yote. Walikuwa wameshinda mechi 31 na kushindwa mbili tu. Wapinzani wao walitoka chuo kikuu cha Maryland kilichoko Baltimore County, maarufu kama UMBC, ambacho kilijulikana zaidi kwa mabingwa wake wa sataranji kuliko kwa mpira wa vikapu. Tangu mwaka 1985, timu zilizopangwa nambari 16 zilikuwa zimekutana na zile za nambari 1 mara 135 katika mashindano ya wanaume, na kushindwa mara zote 135. Kwa wanawake mwiba huo ulikwishang'olewa mwaka 1998, Harvard walipowashinda Stanford 71 kwa 67 katika uwanja wa Stanford wenyewe. Kwa wanaume ilikuwa bado.

Kufikia mapumziko timu zilikuwa sare, 21 kwa 21. Katika kipindi cha pili UMBC walifunga alama 53, na mchezaji wao Jairus Lyles akamaliza mechi akiwa na alama 28. Mechi ilikwisha 74 kwa 54. Timu iliyosifika kuwa na ulinzi bora kuliko zote nchini ilikuwa imetobolewa kama gunia kuukuu.

Basi mpwa wangu alikuwa analia kwa sababu ya haki, ingawa kulia kwenyewe kulikuwa na kasoro ndogo ya kisarufi.

Kasoro hiyo si yake peke yake. Mnamo 1976 mtaalamu wa saikolojia Robert Cialdini pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu saba vya Marekani. Waligundua kwamba siku ya Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda katika kandanda ya Kimarekani, wanafunzi wengi zaidi walikuja darasani wakiwa wamevaa nguo zenye jina au nembo ya chuo chao kuliko ilivyokuwa baada ya timu kushindwa. Isitoshe, walipopigiwa simu na kuombwa wasimulie mechi fulani, walielekea kusema "sisi" walipoeleza ushindi, na kuliacha neno hilo walipoeleza kushindwa. Binadamu huota jua la ushindi wa mwenziwe, na wingu likitanda huondoka kimya kimya.

Walimu wa Kiswahili hawatashangaa. Katika lugha yetu kiambishi cha nafsi hakiwezi kufichwa. Mzungumzaji hawezi kukitamka kitenzi "shinda" au "shindwa" asiseme papo hapo anasimama upande gani. *Tumeshinda. Wameshindwa.* Lugha inatuumbua.

Hata hivyo, nisieleweke kuwa nawakejeli mashabiki, au nadai kwamba huzuni yao ni ya kuigiza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, mate ya mashabiki wachache wanaume waliotazama mechi ya mpira wa vikapu kati ya Georgia na Georgia Tech yalipimwa kabla na baada ya mchezo. Homoni iitwayo testosteroni ilipanda kwa wale ambao timu yao ilishinda, ikashuka kwa wale ambao timu yao ilishindwa. Mwili wa mtu aliyekaa kitini ulifanya kama uliokuwa uwanjani.

Utafiti mwingine unatuhusu zaidi sisi wa shuleni. Mwaka 1992 Edward Hirt na wenzake walieleza jinsi walivyowaonyesha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana mechi za timu yao ya mpira wa vikapu, kisha wakawaomba wakadirie jinsi wao wenyewe wangefanya katika majaribio kadhaa yasiyohusiana na mechi hizo. Mashabiki sugu walioona timu yao ikishindwa walijikadiria chini, si kuhusu mustakabali wa timu tu, bali hata kuhusu uwezo wao wenyewe. Yaani kijana anaweza kuketi mbele ya televisheni akiwa na akili timamu, akainuka baada ya saa mbili akiamini kwamba amepungukiwa, ilhali hakuna alichopoteza. Mwalimu anayemwona mwanafunzi amejiinamia siku ya Jumatatu baada ya timu yake kulazwa asiharakishe kumwambia "huo ni mchezo tu." Neno hilo halijamponya mtu yeyote. Humfanya aone haya kwa kuumia, na jeraha likabaki pale pale.

Ikiwa huzuni ni ya kweli, basi hatari iko wapi? Hatari iko katika kule tunakoipeleka.

Wapo wanaoipeleka kwa mchezaji. Baada ya mechi ile ya 2018, Kyle Guy, mmoja wa wachezaji wa Virginia, alieleza hadharani kwamba alitumiwa vitisho vya kuuawa, na kwamba alikuwa akisumbuliwa na wasiwasi mkubwa wa moyo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tafakari, msomaji, juu ya kijana wa miaka ishirini ambaye kesho ana somo la kuhudhuria, anafungua simu yake na kukuta watu asiowajua wakimtakia kifo kwa sababu mpira haukuingia kikapuni. Jambo hili limezidi kuwa baya tangu Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoondoa marufuku ya sheria ya taifa iliyokuwa ikizuia majimbo mengi kuhalalisha kamari ya michezo. NCAA yenyewe imelalamika hadharani kwamba wacheza kamari huwaandama wanafunzi kwa matusi wanapopoteza fedha zao. Sisi hapa Kenya, ambako kijana anaweza kuweka dau kwa simu akiwa ndani ya matatu, hatuna budi kuisoma habari hiyo kama barua iliyoandikwa kwetu. Mtu aliyeweka karo yake rehani juu ya mguu wa mwenziwe si mshabiki tena, ni mdai.

Wapo pia wanaoigeuzia huzuni hiyo nafsi zao. Mwezi Mei mwaka 2009 Arsenal ya Uingereza ilipolazwa na Manchester United 3-1 katika nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, magazeti yaliripoti kuwa mshabiki mmoja jijini Nairobi alijitoa uhai. Sitadai kuwa najua yaliyokuwa moyoni mwa marehemu, kwani aghalabu mzigo wa mtu huwa mkubwa kuliko ule tunaouona. Lakini tukio hilo lituzuie kucheka mtu asemapo kuwa kushindwa kwa timu kumemvunja moyo. Aketishwe, asikilizwe, wala asiachwe peke yake usiku huo.

Baina ya mtukanaji na aliyekata tamaa, kuna njia ya tatu. Usiku ule ule wa kipigo, kocha wa Virginia, Tony Bennett, alisimama mbele ya wanahabari akakiri kwamba timu yake ilizidiwa kabisa, akawapa wapinzani heshima yao. Hakuwalaumu waamuzi. Hakutafuta kisingizio, ingawa alikuwa nacho tayari: mmoja wa wachezaji wake hodari, De'Andre Hunter, alikuwa nje kwa kuvunjika mkono. Na alipoeleza kichapo hicho, alisema "sisi".

Nami nilimpa mpwa wangu shauri dogo. Nilimwambia: "Ile fulana uliyovaa siku mlipotwaa kombe, ivae Jumatatu uende nayo darasani." Akanung'unika kwamba atachekwa. Nikamjibu kuwa kuchekwa ni sehemu ya karo. Jumatatu jioni alinipigia tena. Alisema alikutana njiani na mzee mmoja mfagiaji, naye amevaa kofia ya chuo. Wakatazamana, wakaamkuana kwa kichwa, kila mmoja akaenda zake. "Mjomba," akaniambia, "sijui kwa nini, lakini nilijisikia nafuu." Mimi nilijua kwa nini. Alikuwa amerudi kwenye *tu*.

Wengi wanaifahamu tamati ya kisa hiki. Mwaka uliofuata Virginia walirudi tena wakiwa nambari 1 katika kanda yao, wakaanza kwa kuachwa nyuma na timu nyingine ya nambari 16, Gardner-Webb, kabla ya kuzinduka na kuishinda 71 kwa 56. Dhidi ya Purdue waliokolewa na Mamadi Diakite, kijana kutoka Conakry, Guinea, aliyesawazisha sekunde ya mwisho ilipokuwa ikiyoyoma. Katika nusu fainali dhidi ya Auburn, zikiwa zimesalia sehemu sita za kumi za sekunde moja, Kyle Guy, yule yule aliyetishiwa maisha, alisimama peke yake kwenye mstari akatia mitupo mitatu ya adhabu mfululizo, wakashinda 63 kwa 62. Tarehe 8 Aprili 2019 mjini Minneapolis waliwafunga Texas Tech 85 kwa 77 katika muda wa ziada, wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Kisa kitamu, naam. Lakini nawaonya walimu wenzangu wasikitumie vibaya. Tukiwaambia wanafunzi kwamba kila anayeanguka leo atavishwa taji kesho, tutakuwa tunawadanganya. Katika mashindano yenye timu 68 za mtoano, timu 67 hurudi nyumbani zikiwa zimeshindwa mechi yao ya mwisho. Ni moja tu inayomaliza kwa kicheko. Kwa mshabiki wa chuo chochote, basi, kushindwa ndiyo tamati ya kawaida ya msimu, na ushindi ndio ajali njema.

Virginia wenyewe walilikumbuka hilo tarehe 16 Machi 2023, miaka mitano kamili tangu usiku wa UMBC. Walikuwa mbele ya Furman kwa alama mbili, sekunde zikihesabika kwa vidole, pale Kihei Clark alipobanwa na wapinzani kwenye kona, akaurusha mpira mbali, ukanaswa. Furman wakatupa mtupo wa alama tatu, wakashinda 68 kwa 67. Clark ndiye aliyempa Diakite ile pasi iliyowaokoa mwaka 2019. Mkono ni ule ule. Je, siku ya pasi ya kwanza awe "kijana wetu", na siku ya pili awe "yule"?

Hapa kwetu Afrika Mashariki wengi walikionja kikombe hicho Aprili 2025. Chuo cha Duke kilikuwa na Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyelelewa Kawempe nchini Uganda na ambaye alikuwa ameichezea nchi yake katika Olimpiki za Paris akiwa na umri wa miaka 17. Katika nusu fainali dhidi ya Houston, Duke walikuwa mbele kwa alama sita, zikiwa zimesalia sekunde zipatazo 35. Houston wakafunga alama tisa mfululizo, wakashinda 70 kwa 67. Hapakuwa na mwaka wa pili wa kulipiza, kwa kuwa Juni hiyo hiyo Maluach alichaguliwa kuingia NBA akiwa wa kumi. Nao mashabiki wa Houston waliorukaruka usiku huo hawakukaa na furaha yao sana. Siku mbili baadaye waliongoza fainali kwa alama 12, kisha Florida wakawapokonya ubingwa, 65 kwa 63. Kilio kilihama nyumba moja kikaingia ya jirani.

Kwa nini basi nayaleta haya mbele ya walimu na wanafunzi? Kwa sababu kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, sisi wenyewe huicheza mechi hii. Shule ikifanya vyema, mwalimu mkuu huwaambia wanahabari: "Tumefaulu." Aliyeongoza hubebwa mabegani, mzazi husema "mtoto wangu", kijiji kizima husema "kijana wetu". Matokeo yakiwa mabaya, sarufi hubadilika ghafla. "Wamefeli." "Hawa wa mwaka huu hawakuwa makini." Baba humwambia mama, "mtoto wako." Yule kijana aliyefundishwa na shule nzima na kuombewa na kijiji kizima hubaki peke yake na karatasi yake mkononi, kama Clark na ule mpira kwenye kona.

Mwalimu asemaye "tumefeli" hajishushi hadhi. Anamwambia mwanafunzi kwamba kuna mtu mwingine atakayeusaidia mzigo huo kuubeba, na kwamba Jumatatu somo litaendelea. Naye mwanafunzi ajifunze kuomboleza kwa kipimo: alie usiku huo, aiweke simu mbali ili asimwandikie mchezaji yeyote neno atakalolijutia, awape waliomshinda pongezi zao, kisha asubuhi avae fulana yake.

Nimalizie kwa habari ambayo mpwa wangu, sasa mtu mzima mwenye kazi na familia, alinipa Machi 2025. Tony Bennett alikuwa amestaafu Oktoba iliyotangulia, na Virginia walikuwa wamemtafuta kocha mpya wakampata. Jina lake ni Ryan Odom, ambaye babaye aliwahi kuwa kocha msaidizi hapo hapo Virginia. Na Odom ndiye aliyekuwa kocha wa UMBC usiku ule wa mwaka 2018.

"Yule aliyewaliza?" nikamuuliza.

"Yule aliyetuliza, mjomba," akanisahihisha. "Ndiye kocha wetu sasa."

Sikuongeza neno. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kulijibu swali nililoanza nalo. Asiyekubali kushindwa pamoja na timu yake, hakuwahi kushinda nayo.